Finjani Mkononi mwa Rubani

Wako watu wanaojulikana kwa baba zao, na wako wanaojulikana kwa mali zao. Kepteni Thabit wa Bustan alijulikana kwa mkono wake wa kulia. Vijana wa jeshini wakikutana naye harusini waliushika mkono ule kwa mikono yao miwili, na wengi wao walikuwa hawajazaliwa siku alipovishwa nishani. Hadithi waliipata kwa baba zao: kwamba miaka ile ya vita, meli za mafuta zilipokuwa zikipigwa baharini, rubani mmoja mzaliwa wa Unguja aliisimamisha helikopta juu ya meli inayoungua, akaishikilia palepale hewani, imetulia kama taa iliyotundikwa darini, mpaka mabaharia wakavutwa juu kwa kamba ya chuma. Walitia chumvi kidogo, ndiyo kawaida ya watu, lakini kiini cha hadithi kilikuwa kweli.

Sasa mkono huo ulikuwa ukitetemeka. Waliojua, kwa hesabu ya Thabit mwenyewe, ni mkewe Bi Mahfoudha na daktari, basi.

Ulianza Ramadhani ya mwaka juzi kwa kidole gumba, kikichezacheza peke yake juu ya goti bila idhini ya mwenyewe. Daktari alimtazama anavyotembea, akamgeuzageuza kiganja, akayataja maradhi kwa jina refu la Kizungu, kisha akamweleza jambo moja ambalo Thabit hakulisahau: mkono ukiwa kazini hutulia, ukikaa kungoja ndipo huanza. Na kweli ilikuwa hivyo. Thabit aliweza kuendesha gari, kumenya chungwa na kusalimiana na watu. Vifungo vya kanzu vilimshinda siku moja moja, akamwita mjukuu wake amfunge na kuyasingizia macho. Asichokiweza kabisa ni kushika kitu na kungoja. Na maisha ya mzee wa heshima hapa Maskati, ukiyatazama vizuri, karibu yote ni kushika kitu na kungoja.

Ajabu ni kwamba kahawa, iliyopaswa kumuumbua, ndiyo iliyomsitiri. Kwa mila ya huku mtu akitosheka hasemi. Huitikisa finjani kidogo kwa kifundo cha mkono, na anayemimina huipokea na kwenda zake. Basi Thabit alipewa finjani ya kwanza, akainywa upesi upesi, mkono ukaanza mambo yake, na finjani ikapokewa kwa adabu. Watu wakasema Kepteni siku hizi ni mtu wa finjani moja, ameshaipa dunia mgongo. Yeye, aliyependa kahawa kuliko haluwa, aliwaacha waseme. Kila majlisi alitoka na kiu yake na siri yake.

Angeendelea hivyo mpaka mwisho wa umri wake kama Jaifar asingetaka kuoa.

Jaifar alikuwa mjukuu wake, mtoto wa marehemu Saeed. Saeed alikufa kwa ajali ya gari Jaifar akiwa hajaanza shule, na tangu hapo Thabit na Bi Mahfoudha ndio waliokuwa baba na mama. Sasa Jaifar alikuwa mhandisi, mrefu, mpole, mgumu wa kusema lililo moyoni. Aliposema kwamba anamtaka Bashayer, binti ya Mzee Murshid wa Sib, anayefanya naye kazi jengo moja, bibi yake alipiga vigelegele palepale jikoni. Wanawake wa pande mbili wakaonana mara moja na mara ya pili, wakapendana, au tuseme walipikiana vizuri. Ikabaki posa ya wanaume.

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Murshid alizaliwa Tabora, katika duka la vitambaa la baba yake, na aliporudi Omani alikuwa tayari ana ndevu. Labda kwa sababu hiyo alizishika mila kwa nguvu kuliko waliozaliwa hukuhuku, Nizwa. Waunguja walimtania kichinichini kwamba Mwarabu wa Tabora ni Mwarabu mara mbili. Yeye naye akasema Waunguja huposa kwa mashairi na kuoa kwa bahati. Nyumbani kwake mposaji hupewa finjani ya kahawa, akaiweka chini mbele yake bila kuionja, akasema haja yake. Mwenyeji akiridhika humwambia, “Kunywa kahawa yako,” na finjani hiyo ikinywewa ndoa imekwisha. Yaliyobaki ni karatasi. Lakini mposaji akiirudisha finjani kabla ya kusema na kabla ya kunywa, amewaambia wenyeji mbele ya watu wote kwamba haja imemtoka, hamtaki tena binti yao.

Tena Murshid alikuwa ameshaumwa na nyoka. Familia mbili zilikuja kumposa Bashayer, zikanywa kahawa, zikaaga kwa tabasamu, kisha zikapiga simu kujitoa. Kwa nini zilijitoa hakuna aliyejua, na Murshid hakuwa mtu wa kuulizwa.

“Mwambie Khattab aseme yeye,” Bi Mahfoudha alimwambia mumewe asubuhi moja, wakila mkate wa kumimina. Khattab alikuwa mdogo wake Thabit, mtu wa maneno mengi na moyo mzuri. “Mdomo anao, na mikono yake mizima.”

“Khattab ukimpeleka kuposa, atahadithia bei ya samaki huko Qurayyat mpaka watu walale. Halafu mtoto wa Saeed atasemewa na nani, Mahfoudha? Na mimi nipo hai?”

“Basi waambie kweli. Mficha maradhi kifo humuumbua, Ba Saeed.”

“Kifo kikiniumbua sitokuwepo kuona haya. Nnamuogopa Murshid.”

Alicheka, lakini mkewe hakucheka naye, na baada ya muda yeye pia aliacha. “Wewe unajua posa zilivyo,” alisema kwa sauti ya chini. “Watu wanauliza maradhi ya ukoo mpaka ya babu wa babu. Daktari kasema haya si ya kurithi, ya kwangu hayamfiki mtoto. Lakini nani atamsikiliza daktari? Watasema damu yetu ina mtetemo. Jaifar akose mke kwa ajili ya kidole changu? Hapana. Ntakwenda, ntaiweka finjani chini, ntasema, ntakunywa. Siku moja tu.”

Bi Mahfoudha alimtazama sana. Kisha akainuka, akaleta dele la kahawa na finjani kutoka kabatini, akatia maji ya bomba ndani ya dele, na kumwambia akae chini kwenye zulia.

Wakafanya mazoezi siku ile na siku zilizofuata. Mke anamimina, mume anapokea, na finjani inashuka moja kwa moja mpaka chini bila kusimama njiani. Hiyo ndiyo ilikuwa hila yake: mkono ukiwa safarini ulikuwa kazini, na ukiwa kazini hautetemeki. Kunywa vilevile, kuinua na kumeza, pasi na kutua. Mwisho wa juma zulia lilikuwa limekauka na Bi Mahfoudha alikubali, kwa shingo upande, kwamba huenda likawezekana. Thabit alifurahi kitoto. Alikuwa amepanga safari nyingi ngumu maishani mwake, na kila moja aliipanga hivihivi, kipande kwa kipande.

Siku ya posa, baada ya sala ya alasiri, aliendesha gari mwenyewe. Jaifar alikaa kando yake amevaa kanzu mpya na jambia la marehemu baba yake kiunoni, na Khattab na jamaa wengine walifuata nyuma kwa magari yao. Njia ya Sib ilijaa magari. Mkono wa Thabit ulishika usukani umetulia tuli, na yeye akauonea fahari na uchungu kwa pamoja.

“Babu,” alisema Jaifar, pengine kwa kuitafutia hofu yake mahali pa kukaa, “ulipokuwa juu ya ile meli, ulikuwa unafikiri nini?”

Swali hilo Thabit aliulizwa na watu wa kila namna, na jibu lake la siku zote lilikuwa fupi: nilifikiri mafuta ya helikopta. Watu hucheka, mambo yakaisha. Leo hakulitoa. Kijana alikuwa anakwenda kuoa, na Saeed hakuwepo kumwambia chochote.

Alimweleza tangu mwanzo, maana Jaifar alizijua nishani kuliko alivyoijua njia iliyokwenda kwenye nishani. Alimweleza Mkunazini alikozaliwa, na jinsi mama yake alivyofunga mizigo ya watoto mwaka ule wa mapinduzi wakaangukia Kairo, katika chumba cha juu kabisa cha nyumba ya watu. Nchi ya mababu ilipowaita watoto wake warudi, alikuja Maskati kijana wa miaka ishirini na kitu, akakuta barabara ya lami ya kuhesabika na kazi za kila namna zikimngoja mtu anayejua Kiingereza na hesabu. Wakampeleka ng'ambo kujifunza urubani. Vita vya kusini vilikuwa vingali vikiendelea, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kutoka kwenye meli ya jeshi na maji, unga na dawa, kwenda milimani, na kurudi na majeruhi. Huko ndiko alikojifunza kutua melini. Ardhi humngoja rubani. Meli inapanda na kushuka, na asiyekuwa na subira huipiga au hupigwa nayo.

“Halafu ikaja miaka ya meli za mafuta,” alisema. “Ile iliyoungua ilipigwa huko juu, upande wa Musandam. Moto ulikuwa nyuma, watu wamekimbilia mbele, kwenye pua ya meli. Sisi helikopta yetu ndogo. Tukawavuta wa mwanzo, tukajaa. Ilikuwa lazima twende tukawashushe, ndio turudi.”

“Na mlirudi.”

“Tulirudi, na tukarudi tena. Lakini we sikiliza. Nilipogeuza mara ya kwanza, niliwaona waliobaki. Hawakupunga mkono, hawakupiga kelele. Walinitazama tu. Washajua kwamba nimewaacha, na hawanilaumu, washazoea kuachwa. Mimi najua ntarudi, wao hawajui, na sina njia ya kuwaambia. Ule mwendo wa kwenda na kurudi, Jaifar, nilikuwa nataka kulia. Watu wananiuliza moto. Moto nishausahau. Sura zile sijazisahau.”

Jaifar alinyoosha mkono akakilegeza kiyoyozi, na wakaenda hivyo mpaka njia ya kuingilia mtaa wa akina Murshid.

Majlisi ya Murshid ilikuwa ndefu, mito imepangwa ukutani, udi unafuka. Murshid mwenyewe alisimama mlangoni, mtu mwembamba aliyenyooka, macho makali, kilemba hakina kosa hata moja. Walisalimiana, wakaulizana khabari za watu wazima na watoto, za mvua na za barabara, kwa utaratibu wake na mpaka mwisho wake. Thabit akakalishwa mahali pa juu, kulia kwa mwenyeji, Khattab akafuatia, na Jaifar akakaa mwisho kabisa karibu na viatu, panapomfaa mposewa mke, ambaye kwa desturi hasemi kitu. Tende zikaliwa. Kisha Safwan, mtoto mkubwa wa Murshid, mtu wa makamo mwenye wadhifa wake serikalini, akainuka na dele mkononi, kwa sababu siku kama ile mwenye nyumba haachii wafanyakazi kumimina.

Akamimina, akampa Thabit.

Thabit akaipokea. Mkono ukaanza safari ya kushuka, vizuri, kama zuliani kwao. Na hapo hapo, kwa wema tu, Murshid akamgeukia na kusema, “Kepteni, kabla ya yote. Mwenyezi Mungu amrehemu Saeed. Leo ilikuwa siku yake, na sote tunajua kwamba yuko nasi.”

Nani anaweza kuendelea kushusha kikombe hali mwanawe anaombewa rehema? Thabit alisita. Finjani ilisita pamoja naye, nusu ya njia, hewani. Alisema “Amin.” Jamaa zake wakasema “Amin.” Murshid akaongeza dua, ndefu na nzuri, na Thabit akashindwa kuyaondoa macho yake kwenye uso wa mtu anayemtaja mwanawe kwa heshima namna ile. Mkono ukangoja. Na ulipochoka kungoja, ukaanza.

Safwan alikuwa ameshamtazama mgeni wa pili. Mkono wa mtu aliyemimina kahawa tangu utotoni hauhitaji macho. Uliona finjani inatikisika, ukaipokea, na Safwan akasogea mbele ya Khattab.

Macho yote yakaifuata finjani.

Safwan ndiye aliyekuwa wa mwisho kuelewa. Aliitazama finjani mkononi mwake, imejaa, haijaguswa, na rangi ikamtoka. Murshid hakutikisika. Uso wake tu ndio uliobadilika: ukali uliondoka, na kilichobaki kilikuwa kitulivu na kichovu.

“Kumbe mmeshaambiwa,” alisema.

“Tumeambiwa nini, ndugu yangu?” aliuliza Thabit, na sauti yake ilikuwa na hofu ya kweli.

“Usinione mtoto, Kepteni. Waliotangulia walikunywa kahawa yangu, wakacheka na mimi, wakaenda kunipigia simu. Ninyi angalau mmenirudishia machoni pangu. Kwa hilo nakushukuruni.” Alishusha pumzi. “Ndiyo, binti yangu ana kifafa. Tangu utotoni. Anatumia dawa, mwaka huu wote hajaanguka, anafanya kazi yake na anaisimamia. Tulitaka kuwaambieni baada ya ninyi kumjua. Pengine tulikosea. Lakini neno lenyewe ni kifafa, na watu wakishalisikia hilo, masikio yanaziba, hawasikii tena kwamba ana akili, kwamba anacheka, kwamba amenitunza mimi na mama yake.”

Khattab ndiye aliyeokota maneno kwanza, kama ilivyotarajiwa, na kwa nia safi kabisa. “Aa, Shekhe Murshid! Astaghfirullah! Kaka yangu huyu, daktari kamkataza kahawa, ndiyo hayo tu. Kila mtu anajua, Kepteni ni mtu wa finjani moja, na hiyo moja keshainywa kwake. Mazoea mabaya! Safwan, irudishe, irudishe bwana, tuanze upya.”

Ulikuwa uongo mzuri. Ulikuwa mlango umefunguliwa, na Thabit alichotakiwa ni kupita tu. Angecheka, angeomba radhi, posa ingeendelea, na siri yake ingebaki salama kama ilivyoingia. Jaifar angepata mke. Mdomo wake ulikwisha kujitengeneza kwa kicheko.

Lakini alimtazama Murshid, na Murshid hakuwa ameuamini uongo ule hata chembe. Alikaa amenyooka, hana hasira na mtu, anangoja wageni waondoke. Uso ule Thabit aliujua. Aliwahi kuugeuzia mgongo mara moja, juu ya bahari, kwa sababu hakuwa na njia ya kusema. Leo alikuwa na njia.

“Khattab, nyamaza,” alisema.

Akaunyoosha mkono wake wa kulia mbele ya watu wote, kiganja chini, akaushikilia hapo. Kwa muda haukufanya kitu, na wanaume wote wakautazama bila kujua wanautazamia nini. Kisha kidole gumba kikaanza, vingine vikafuata, na mkono mzima ukawa unatikisika hewani kama wa mtu anayerudisha finjani ambayo hana.

“Huyu ndiye aliyeirudisha, si mimi,” alisema Thabit. “Nna maradhi, Shekhe Murshid. Mwaka wa pili huu. Nimewaficha watu wote, na nimekuja kwako leo nikufiche na wewe, kwa sababu nimeogopa utasema damu ya kijana wangu mbovu. Daktari kasema si ya kurithi. Ukitaka twende sote ukamuulize mwenyewe. Na khabari ya bintiyo, wallahi, ndiyo kwanza naisikia, tena kwa mdomo wako.”

Ilikuwa imesemwa. Alingoja kuona haya, na haya zilikuja, zikampanda mpaka masikioni. Lakini nyuma yake kulikuja kitu kingine ambacho hakukitarajia: wepesi, kama mtu aliyevua viatu vilivyombana tangu asubuhi.

Murshid aliutazama mkono ule, akaitazama finjani mkononi mwa mwanawe, na polepole akaelewa alichokifanya. “Basi nimemtangaza mwanangu mwenyewe,” alisema. “Bure.”

“Si bure, Mzee.”

Aliyesema alikuwa Jaifar, kule mwisho, karibu na viatu. Watu wote wakageuka. Mposewa mke haongei siku ya posa. Hata Waunguja wanalijua hilo.

“Nisamehe, Mzee Murshid. Mimi nilikuwa najua. Bashayer aliniambia mwenyewe, kabla sijamwambia bibi yangu kwamba namtaka. Alisema nikitaka kuondoka, niondoke mapema.” Akamtazama babu yake. “Na la Babu pia tunalijua, mimi na yeye. Nilimhadithia.”

“La Babu lipi unalijua?” Thabit aliuliza.

“Babu, mimi ndiye ninayekufunga vifungo. Macho yako unaona nzi upande wa pili wa barabara.”

Khattab alicheka kabla hajajizuia, akaziba mdomo, kisha Safwan naye akacheka, na mwisho Murshid, kicheko kifupi kikavu kilichomshangaza mwenyewe. Wazee wawili walikuwa wamelinda milango yao kwa majambia, na vijana wamepita dirishani zamani. Thabit alitaka kukasirika kwa ajili ya adabu lakini hakuipata hasira yenyewe. Alijisikia kumpenda kijana yule mpaka kifua kikamuuma.

Murshid akainuka. Alilichukua dele kutoka kwa mwanawe, akasuuza finjani, akamimina mwenyewe. Hakumpa Thabit mkononi. Aliinama, na magoti yake yakalia, akaiweka finjani chini mbele ya mgeni wake. Kisha akarudi mahali pake, akaketi, akaweka mikono mapajani.

“Sema haja yako, Kepteni.”

Thabit alikuwa ametunga hotuba, na ilikuwa nzuri, ina aya na ina methali. Yote ilimtoka kichwani. “Tumekuja kwa kheri,” alisema. “Tunamtaka binti yenu Bashayer kwa mtoto wetu Jaifar.”

“Kwa hayo unayoyajua sasa?”

“Kwa haya ninayoyajua sasa.”

Midomo ya Murshid ikawa inatembea, labda anasoma kitu. Macho yalikuwa yamemlowa na hakuyafuta.

“Kunywa kahawa yako,” alisema.

Thabit akainua. Hakuharakisha, wala hakufanya hila. Mkono ulitikisika njia nzima, kahawa ikamwagika ndevuni na kwenye kanzu nyeupe aliyopigiwa pasi na Bi Mahfoudha kwa nusu ya asubuhi, na wanaume wote waliona, na hakuna aliyetazama pembeni. Kilichobaki alikinywa. Ilikuwa kahawa ya hiliki nyingi, chungu, tamu kweli.

Fatiha ikasomwa. Vigelegele vikasikika kutoka upande wa wanawake kabla hata ya “Amin” ya mwisho, jambo lililothibitisha kwamba kuna mtu alikuwa amesimama nyuma ya mlango muda wote.

Walipokuwa wanaaga, Bashayer alitoka na mama yake, Bi Zakiya, kuwaamkia wazee. Alikuwa msichana mfupi, uso wa duara, macho makali ya baba yake. Aliuchukua mkono wa kulia wa Thabit, akaubusu, na hakuuachia. Ulikuwa unatetemeka ndani ya mikono yake, naye akauacha utetemeke. Aliona doa la kahawa kwenye kanzu na hakujifanya hajaliona.

“Babu,” alisema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulisema jambo hili mara nyingi na anataka kulimaliza, “mimi nikianguka msishtuke. Mnigeuze ubavu wa kushoto. Msinishike kwa nguvu, na msinitie kitu chochote mdomoni. Inapita yenyewe.”

Bi Zakiya alimgusa bega kumnyamazisha. Siku ya furaha hayasemwi hayo. Lakini rubani akipewa agizo hulirudia kwa sauti, ili aliyelitoa ajue limefika.

“Ubavu wa kushoto,” alisema Thabit. “Tusikushike kwa nguvu. Tusikutie kitu mdomoni.” Akafikiri kidogo. “Na wewe ukinitilia kahawa, mwanangu, nitilie nusu.”

“Nusu, Babu,” alisema Bashayer.